Mawe Yaliyo Chini ya Msalaba

Dirisha la jikoni kwangu, hapa Njiro, linatazama kilima chenye msalaba. Siku hizi wameuwekea taa za sola, kwa hiyo hata giza halinisaidii. Vijana wanapanda kupiga picha, maharusi wanapanda na gauni limeshikwa na wasimamizi wawili, vikundi vya maombi vinapanda na chupa zao za maji. Wote wakifika juu husoma kibao cha marumaru kilichobandikwa kwenye msingi wa msalaba. Kibao kinasema kwamba mahali hapo palikuwa pori tupu kabla ya jubilei ya usharika wetu. Maneno hayo niliyaandika mimi, na si ya kweli.

Lakini nimekaa hapa kumwandika Mwinjilisti, si kujiandika mimi, ingawa naona siwezi kumpitisha yeye mlangoni bila mimi kuonekana nyuma yake. Ukoo wake na mahali alipozaliwa sitasema, maana hata yeye hakuvisema. Jina lake nalo ninaliacha. Kwetu hakuna aliyelitumia. Mkewe mwenyewe, alipokuwa hai, alikuwa akimwita Mwinjilisti kutoka jikoni, aje ale.

Kwa asiyejua makanisa ya Kilutheri ya huku, mchungaji ana mitaa mingi na gari moja. Mwinjilisti ana mtaa mmoja na miguu miwili. Mchungaji huja kubariki ndoa, mwinjilisti ndiye aliyekuwa akiwasuluhisha hao maharusi mwezi mzima kabla. Wetu alitembea kutoka Terrat mpaka Njiro, na akiitwa alipanda hata mlima Meru kwa wakulima wa kahawa, kwenye migomba, kuzika watu ambao hakuwajua. Barabarani alivaa katambuga, zile ndala za tairi la gari. Viatu vya ngozi alivibeba kwenye mfuko, akavivaa nje ya mlango wa kanisa akiwa ameshika ukuta. Ibada ikiisha alivivua palepale. Vilidumu miaka isiyohesabika, na sisi watoto tulisema vitamzika yeye.

Alikuwa Mwarusha wa zamani kwelikweli, masikio yametogwa na kuvutwa tangu ujanani. Jumapili alizikunja ndewe zake akazipandisha juu ya sikio, ili zisimpige shingoni wakati wa mahubiri. Akihubiri jambo likamkolea, moja ilidondoka. Hapo tulijua mahubiri yamefika mahali pake na ibada itachelewa kwisha.

Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kimenyooka, kila neno limekaa sawasawa, ila lafudhi ilikuwa ya Kimaa tupu. Alikuwa mkali mno. Aliwahi kuirudisha kwaya nzima nyumbani kwa sababu ya sare zenye mikono mifupi, kisha jioni akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wanakwaya kwamba, hata hivyo, wimbo ulikuwa mzuri. Alikuwa bahili wa sukari. Ukienda kwake unakoroga chai mwenyewe huku anakutazama mkono. Muda wake, kwa upande mwingine, alikuwa anaugawa hovyo. Angeweza kukaa na mlevi kwenye ukingo wa mfereji tangu asubuhi mpaka mbuzi warudi, wakizungumza habari za mbuzi tu, na mlevi akaondoka akidhani ameshinda ubishi.

Kitu pekee alichokiogopa ni mbwa wa Njiro. Nyumba zilipoanza kujengwa na kuzungushiwa kuta, alisema watu wa huku wamejifungia ndani na kuwaachia mbwa kazi ya kusalimia wageni. Kwa hiyo alitembea na mawe mawili mfukoni. Moja lilikuwa la mbwa. La pili lilikuwa la mzee.

Huyo mzee sasa niwaeleze, maana bila yeye kilima hakieleweki.

Juu ya kilima, kabla ya msalaba, palikuwa na rundo la mawe. Lilikuwa refu kunizidi mimi nilipokuwa msichana, na pana kama banda la ng'ombe wawili. Lilikuwa kaburi. Waarusha, kama ndugu zao Wamasai, mtu mkubwa akifa na kuzikwa njiani, kila apitaye humwongezea jiwe, na mwenye adabu huweka na jani bichi chini ya jiwe. Aliyelala pale hakuwa shujaa wa vita. Mwinjilisti alipenda sana kulisisitiza hilo. Alikuwa mgawaji wa maji. Enzi za mababu, mifereji inayoshuka kutoka Meru iligawanywa kwa zamu, na huyo ndiye aliyesema leo ni zamu ya nani. Wanasema aligawa mpaka akafa, na hakuna boma lililowahi kumlalamikia, hata miaka ya njaa. Ndiyo maana wakamzika juu, mahali ambapo mashamba yote aliyoyanywesha yanaonekana.

Darasa la kipaimara alilipandisha huko kila mwaka, na letu pia. Alituketisha tukiutazama mlima Meru, akatuonyesha mfereji kwa mfereji, na upande wa Nduruma akatuonyesha mahali maji yanapofika yakiwa yamechoka. Kisha akatuuliza lile swali lake aliloliuliza kwa kila jambo duniani: "Maana yake nini?" Mvulana mmoja akajibu kwamba maana yake ni ushirikina. Tulitegemea atasifiwa. Mwinjilisti aliinama, akachuma jani, akaliweka kwenye rundo, na jiwe juu yake.

"Mimi siabudu," alisema. "Nasalimia."

Jumapili ileile alisimama madhabahuni akakemea matambiko mpaka ndewe zote mbili zikadondoka. Watu wazima walikuwa wakimcheka kwa hilo, wakisema ana imani ya viraka. Naye akicheka nao. Alisema kila jiwe pale ni mtu aliyepanda kwa miguu yake kumshukuru mwenzake aliyekufa, na kwamba angekuwa na usharika wenye watu kama hao asingeomba zaidi. Mimi nilikuwa kwenye lile darasa. Mama yangu ni wa hapa na baba yangu ni Mmeru wa mlimani, kwa hiyo niliondoka na fahari ya ajabu, kana kwamba yule mzee aliwagawia maji wazazi wangu wote wawili. Nilipeleka jiwe langu. Sijui ni lipi katika yale yaliyovunjwa.

Nilipokuwa mtu mzima, usharika ukatimiza miaka yake ya jubilei na kamati ikaundwa ya kujenga msalaba kilimani. Nilichaguliwa katibu kwa sababu nilijua kutumia kompyuta. Mwenyekiti alikuwa mtu mkubwa wa chuo kimoja mjini, mkazi wa Njiro, msomi mpole. Mimi nilikuwa nafanya kazi chuoni kwake kwa mkataba wa muda, nikitarajia kuajiriwa. Wajumbe wengi walikuwa wahamiaji kama yeye. Mwenyeji hasa kwenye kamati alikuwa Mwinjilisti.

Mwezi ule mvua ilinyesha bila huruma. Lori lilikwama chini ya kilima na mawe ya msingi, na askofu alikuwa ameshapewa tarehe. Tukakutana jioni moja. Mwinjilisti hakuwepo. Alikuwa amepanda Meru kumzika mkulima mmoja wa kahawa, na kwa utelezi ule alilala hukohuko. Fundi alisema bila mawe hakuna msingi, na bila msingi hakuna msalaba. Nikasema mimi, "Mawe si yako juu tayari?"

Ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka mwenyekiti aone kwamba nina akili ya kutatua mambo, na nikaona alivyoniona. Aliuliza jambo moja tu, la busara kabisa: wenyeji watasemaje? Nikajibu kwamba Mwinjilisti mwenyewe hana neno, nitamweleza.

Nyumbani nikaandika muhtasari. Orodha ya mahudhurio niliichukua kwenye muhtasari uliotangulia, kama tufanyavyo makatibu wavivu, na jina lake likaja nayo. Hilo naweza kuliita kosa. Lakini chini yake nikaongeza: "Mwinjilisti, kwa niaba ya wenyeji, aliafiki." Hilo sina jina lingine la kuliita ila uongo. Kwenye kipaimara tuligawiwa amri za kukariri mbele ya kanisa, na mimi ndiye niliyepewa ya nane, inayokataza kumsingizia mtu. Niliikariri bila kukwama, na yeye akanipongeza.

Nilipanga kumweleza Jumapili. Fundi alianza Ijumaa. Mwinjilisti aliporudi kutoka Meru, rundo lilikuwa limeshaliwa na zege.

Wazee wa rika lake walikuja kanisani wiki iliyofuata, kama kumi hivi, na mashuka yao na fimbo, wakakataa kukaa kwenye mabenchi. Waliuliza kwa utulivu ni nani aliyeliondoa kaburi la mgawaji maji. Mchungaji alikuwa mgeni, hajui hili wala lile. Akafungua faili, akasoma muhtasari wangu kwa sauti. Alipofika kwenye "aliafiki", wazee wote walimgeukia Mwinjilisti. Mwinjilisti akanigeukia mimi. Wajumbe wengine walinyamaza, ila wao walikuwa na sababu nzuri, kwamba hawakukumbuka nani alikuwepo na nani hakuwepo. Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Mwinjilisti. Nilifungua mdomo, nikakohoa.

"Kama imeandikwa, imeandikwa," Mwinjilisti akasema.

Mwezi uliofuata nilipata barua ya ajira. Ile nyumba yenye dirisha la jikoni inatokana na barua hiyo.

Adhabu ya Mwinjilisti nilikuja kuijua vipandevipande. Rika lake walimtaka alete dume la ng'ombe na amtaje aliyemshawishi, maana hawakuamini kwamba wazo ni lake peke yake. Alileta dume. Jina hakulitaja. Wakamla dume, na tangu siku ile hawakumwita tena. Mtu asiye wa huku atauliza, kutoitwa ndiyo nini? Watu wa rika moja wametahiriwa pamoja, wameoa pamoja, na kwenye kila sherehe hukaa mahali pao, wanakata nyama moja na kupeana mkononi. Kumtoa mzee hapo ni kumwacha hai bila wenzake.

Nililiona kwa macho yangu kwenye harusi moja Terrat. Wazee wa rika lake walikuwa nyuma ya nyumba na nyama yao juu ya majani, wakitaniana. Mwinjilisti aliketishwa chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, pamoja nasi watu wa Njiro. Akaletewa sahani ya pilau na soda yenye mrija, kama mgeni. Nilikaa naye kwa sababu kila kiti kingine kilikuwa na mtu. Alikula taratibu. Kicheko kilipovuma kutoka nyuma ya nyumba aliacha kutafuna, akasikiliza mpaka kikaisha.

"Pilau ni nzuri, Katibu," aliniambia.

Katibu. Kabla ya hapo aliniita binti. Baada ya jubilei aliniita Katibu miaka yote, hata nilipoacha kamati, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananikumbusha. Hakuwahi kuniuliza lolote. Alimbatiza mwanangu wa pili mchungaji alipokwama safarini. Mume wangu alipofariki alitembea kutoka Terrat siku tatu mfululizo kuja matanga, na mbwa wa jirani walimng'ata siku ya pili, akarudi siku ya tatu na kitambaa mguuni. Ningeelewa kama angenichukia. Ule wema wake ulinikosesha hata mahali pa kukasirikia.

Kilimani hakupanda tena. Jina lake liko pale kwenye marumaru, la tatu katika orodha ya kamati, na nilidhani wakati ule kwamba nimemfanyia heshima.

Mwaka jana kamati mpya ya usharika ikaniomba niandike historia ya kilima kwa ajili ya wageni. Wageni wamekuwa wengi, na waongozaji wa watalii wanasimulia kila mtu lake. Kamati ilisema mimi ndiye ninayejua. Nikakubali, nikachukua daftari, nikaendesha gari kwenda Terrat kwa binti wa Mwinjilisti, ambako baba yake anakaa tangu macho yalipoanza kumwacha. Nilijidanganya kwamba nakwenda kwa ajili ya historia.

Alikuwa uani amekalia kigoda, fimbo magotini. Nilimwamkia, nikajitaja.

"Marahaba, Katibu. Sauti yako imenenepa."

Nikamweleza shida yangu. Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alianza mwanzo kabisa, polepole, kana kwamba sijawahi kusikia. Akanipa jina la kilima kwa Kimaa, na jinsi wazee walivyopanda kuomba mvua. Akanieleza Wazungu waliokuja na vyombo vya kupimia, wakasimamisha nguzo ndogo nyeupe, na ng'ombe wakaitumia kujikunia mpaka ikaanguka. Akataja mifereji kwa majina, na mgawaji wa maji, na zamu, na njaa. Nilikuwa naandika kwa kasi nisimtazame. Akafika kwenye rundo la mawe, akaeleza lilivyokua. Halafu akanyamaza. Nikasubiri na kalamu.

"Sehemu inayofuata unaijua wewe," alisema.

Nilifunga daftari. Nikasema yote, hata yale ambayo hakuna aliyeniuliza: mwenyekiti alivyonitazama, barua ya ajira, mahudhurio, neno "aliafiki", kile kikohozi. Nililia, na nililia vibaya, kwa namna ya mtu anayetaka abembelezwe. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize kama alivyosubiri kile kicheko kwenye harusi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sihitaji kuambiwa kwamba sikuwepo."

Miaka yote nilidhani mzigo wangu ni kumwomba yeye msamaha, na kila mara niliona aibu, nikaahirisha. Sikuwahi kufikiri kwamba yeye ndiye mtu mmoja ambaye ungamo langu halimwongezei kitu. Nikamuuliza basi nimwambie nani. Akamtaja mzee wa rika lake aliyekuwa msemaji wao siku ile kanisani. Alikuwa amehamia Nduruma kwa mwanawe. Nikasema vizuri, wiki ijayo, nikishapanga ruhusa kazini.

"Gari lako si liko nje?" aliuliza, na alikuwa ameshaanza kunyanyuka.

Njiani nilimwona anapandisha ndewe juu ya sikio, moja kisha ya pili, ingawa haikuwa Jumapili.

Msemaji tulimkuta kwenye benchi ukutani mwa nyumba ya mwanawe, karibu na shamba la mahindi, mzee mkubwa kuliko nilivyomkumbuka, mashuka mawili juu ya sweta. Alimwona Mwinjilisti akishuka kwenye gari. Hawakusalimiana. Nikamwongoza Mwinjilisti kwa mkono, naye akasimama kando ya benchi, hakukaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Nilimwamkia mzee nikaanza. Safari hii sikulia. Nilisema kwa Kiswahili, kifupi, nikitaja mwezi na mvua na mazishi ya Meru, kwamba mwenzenu hakuwepo, kwamba maneno yaliyosomwa kanisani niliyabuni mimi, na kwamba niliposimama pale mbele yenu niliyajua na nikakaa kimya.

Mzee alinisikiliza akiitazama njia.

"Tulimuuliza mara tatu nani alisema maneno yale," alisema. "Mara tatu. Akajibu kwamba watoto wale ni wa kanisa lake, basi ni yeye."

Nikasema nimekuja kulisema mbele ya rika, popote watakapokaa, ili wamrudishe mwenzao. Nilikuwa nimelipanga hilo garini, na niliona ni jambo zuri.

"Rika?" Aliinua vidole viwili. "Tuliobaki ni mimi na huyu. Wengine wote wamekufa wakijua ni yeye. Unamrudisha kwa nani, mama?"

Hakungoja jibu. Alisogea kwenye benchi, akapapasa mbao kwa kiganja, akamwambia Mwinjilisti neno kwa Kimaa. Mwinjilisti alitafuta benchi kwa fimbo, akakaa. Mabega yao yaligusana. Walianza kuzungumza kwa sauti ya chini, kwa lugha ya mama yangu niliyoiacha ipotee, na nikashika maneno machache tu: ng'ombe, na majina ya watu. Yalikuwa majina mengi, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina walinyamaza kidogo.

Mzee aliita ndani waletewe chai. Mkwewe alitoka na vikombe viwili, akaviweka kati yao, nami nikaenda kusubiri kwenye gari.